Neno "döngür" na Mnyama Anayeitwa Hivyo: Kusoma Vitabu Viwili juu ya Wafugaji wa Milima ya Sayan

Katika tasnifu za lisansi zinazotetewa kwetu miaka hii, hasa zile zinazokusanya msamiati wa kazi za jadi, mfano mmoja wa kigeni unarudi mara kwa mara katika utangulizi. Ni neno döngür, la lugha ya Watofa wa Siberia ya kusini. Maana yake, kama inavyotolewa na mwanaisimu Mmarekani K. David Harrison katika kitabu chake When Languages Die (Oxford University Press, 2007), ni reni dume wa kufugwa aliye katika mwaka wake wa tatu, yaani msimu wake wa kwanza wa kupanda majike, lakini ambaye bado hajawa tayari kwa kazi hiyo. Neno moja linabeba sentensi nzima. Mwanafunzi hulinakili, huongeza kwamba lugha ikifa maarifa nayo hufa, kisha huingia katika orodha yake ya maneno mia mbili ya uvuvi au ya ufinyanzi, akiamini kuwa hoja imekwisha kuthibitika na wenzetu wa mbali.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hoja hiyo mahali ilipozaliwa, yaani kwa Watofa wenyewe na kwa ndugu zao wa karibu, Watozhu wa Tuva na Waduha wa Mongolia. Nimekisoma kitabu cha Harrison sambamba na kingine cha zamani zaidi: Nomads of South Siberia cha Sevyan Vainshtein, mwanaetnografia wa Kisovieti, kilichotolewa kwa Kiingereza na Cambridge University Press mwaka 1980 kikiwa na utangulizi wa Caroline Humphrey, miaka minane baada ya toleo la Kirusi. Cha pili hakikuandikwa kwa ajili ya wanaisimu. Nadhani ndiyo maana kinatufaa.

Kwanza jina la mnyama. Wengine humwita kwa Kiswahili kulungu wa Aktiki. Jina hilo lina kasoro mbili. Kulungu tunayemjua sisi ni mnyama wa vichakani ambaye jike lake halina pembe, hali jike la mnyama huyu lina pembe kama dume. Tena watu tunaowazungumzia hawaishi Aktiki, bali katika milima ya Sayan na pembezoni mwake, kusini mwa Siberia na kaskazini mwa Mongolia, mbali sana na bahari ya barafu. Nitatumia "reni", kwa kuitohoa kutoka Kifaransa, mpaka wenye kamusi watuletee bora. Wenyewe Watuva humwita ivi.

Lugha zao ni za ukoo wa Kituruki, tawi la Sayan. Kwa hiyo ni jamaa wa mbali wa Kituruki kinachosemwa Istanbul. Watofa, ambao zamani waliitwa Wakaragasi, hawafiki elfu moja, na makao yao ni vijiji vichache vya mkoa wa Irkutsk, kama Alygdzher na Nerkha. Watozhu ni Watuva wa mashariki. Waduha ni watu mia kadhaa tu, katika wilaya ya Tsagaannuur, jimbo la Khövsgöl. Majirani zao Wamongolia huwaita Tsaatan, maana yake "wenye reni". Inafaa kulikumbuka jina hili la pili. Ni jina la kupewa, na limewafafanua watu kwa mnyama wao kabla hata mwanaisimu hajafika.

Sasa Vainshtein. Anawagawa Watuva wa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kufuatana na njia zao za kujipatia riziki: magharibi, watu wa nyika wenye kondoo, farasi, ngamia na yak; mashariki, katika misitu ya taiga, watu wachache wenye reni. Anachosisitiza juu ya hawa wa mashariki kitamshangaza msomaji aliyezoea picha za makundi makubwa ya reni yakisogea juu ya theluji. Makundi ya Sayan ni madogo. Reni hawafugwi hasa kwa ajili ya nyama. Wanapandwa, wanabebeshwa mizigo, na majike wanakamuliwa maziwa, machache lakini mazito kwa mafuta, ya kutia katika chai na kufanyia jibini. Riziki nyingine hutoka kwenye uwindaji, na katika mikono ya wanawake wanaochimba vitunguu vya yungiyungi wa porini. Manyoya ya wanyama wadogo, kwanza kabisa yale ya seibo, yalikwenda kwa wafanyabiashara na kwa watoza kodi. Kwa ufupi, hawa ni wawindaji wanaosafiri kwa reni. Ukimwita mtu huyo "mfugaji" bila kuongeza neno, umekwisha kumpoteza msomaji.

Kurasa zilizonivutia kupita zote ni zile za tandiko. Waevenki, majirani wa kaskazini wasio wa ukoo wa Kituruki, hukalia tandiko lisilo na vikuku vya miguu, juu ya mabega ya mnyama, na hujisaidia kwa fimbo. Watu wa Sayan wana tandiko linalofanana na la farasi, lenye vikuku. Kutokana na tofauti hiyo Vainshtein anajenga nadharia yake: kwamba ufugaji huu ulianza kwa watu wa Sayan wenye kusema lugha za Kisamoyedi, walipokutana na wapanda farasi wa nyika, wakachukua kutoka kwao wazo la kupanda na la kukamua na kulihamishia kwa mnyama wa msituni. Unaweza kuukubali uhistoria huu au kuutilia shaka. Lakini tazama jinsi anavyofanya kazi: anauliza kitu kinafungwaje, kinakaa wapi mgongoni, mpandaji anapandaje. Majina ya Kituva yamo pia, ila yamefungwa juu ya vitu kama kamba juu ya mzigo.

Huko ndiko tunakojifunza kazi yenyewe ilivyo. Reni anakula, hasa wakati wa baridi, likeni, vimea vya kijivu vinavyotambaa juu ya ardhi na mawe na kukua polepole mno. Kundi likikaa mahali pamoja muda mrefu, malisho hayarudi kwa miaka mingi. Ndiyo sababu ya kuhama. Joto linamdhuru, kwa hiyo kiangazi watu hupanda juu milimani. Ndama hufungwa karibu na mahema ili mama zao warudi wenyewe kukamuliwa. Chumvi huwavuta kwa binadamu, hata chumvi iliyomo katika mkojo. Dume asiyehitajika kwa mbegu huhasiwa, akawa mnyama wa kupandwa, na Watofa wana neno kwa huyo pia: chary. Mwenye kusoma haya anaanza kuelewa kwa nini mtu ahitaji kutofautisha dume wa mwaka wa tatu na wa mwaka wa tano: kila vuli lazima aamue ni nani atahasiwa, nani ataachwa, nani atatengwa na majike.

Harrison naye ana sifa zake, na singependa nionekane kuzidharau. Alikwenda. Alikaa na wazee wa Kitofa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wasemaji walikuwa wamebaki wachache na wote wenye umri mkubwa, akarekodi hadithi na majina ya vitu. Anaandika kwa uwazi ambao wengi wetu katika vyuo tumeupoteza. Hoja yake si ya kitoto kama inavyofanywa katika tangulizi za wanafunzi: anakiri kwamba kijana wa Kitofa anayesema Kirusi tu anaweza kumweleza reni huyo kwa maneno mengi. Kinachopotea, kwa maoni yake, ni ule ufupi, ile namna ya kukusanya sifa nne au tano katika fundo moja ambalo mtoto hulipokea pamoja na lugha bila kufundishwa darasani.

Hata hivyo, mfano wake unanitia mashaka.

Shaka la kwanza linatoka katika lugha yetu. Kiswahili kina mtamba, fahali, maksai. Kina mfarika, ambaye ni mbuzi au kondoo jike aliyekua lakini hajazaa. Neno hili la mwisho linafanana na döngür kwa muundo wa maana yake: jinsia, umri na hali ya uzazi katika silabi nne. Nenda soko la Kenya hapa Lubumbashi, mbele ya wauza mbuzi, ukawaulize mfarika. Watakutazama. Lakini waulize yupi amekwisha zaa, watamgeuza mnyama, watamshika, watakujibu bila kukosea, na bei itabadilika kwa kufuata jibu hilo. Hali kadhalika kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: hatua tano za tunda moja, hazina ya pwani. Kiswahili kilipopanda hadi Katanga, ambako mnazi si mti wa watu, ngazi hiyo ilianguka njiani, wala hakuna aliyeilia. Si lugha iliyokufa hapo. Neno lilikosa tunda.

Shaka la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa Watofa wenyewe. Katika karne ya 18 wasafiri wa Kirusi na wa Kijerumani waliandika orodha za maneno ya watu walioitwa Wakaragasi, na maneno hayo ni ya Kisamoyedi, karibu na Kimator, lugha iliyozimika katika karne ya 19. Mwanaisimu wa Kifini Matthias Castrén alipofika kwao katika miaka ya 1840, alikuta lugha ya Kituruki. Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1857, baada ya kifo chake. Vyovyote uhusiano wa koo hizo ulivyokuwa kwa undani, inakubalika kwamba sehemu kubwa ya wahenga wa Watofa wa leo walisema Kisamoyedi, wakaiacha lugha yao, wakachukua ya majirani. Je, reni walisahauliwa? Hapana. Walizidi kupandwa, kukamuliwa, kuhasiwa. Maarifa yalihama nyumba. Döngür lenyewe, ambalo leo limekuwa ishara ya kifo cha maarifa kwa kifo cha lugha, linasemwa na watu ambao waliwahi kubadilisha lugha na kubaki na reni wao.

Kwa nini mara hii haikuwa hivyo? Kwa sababu mara hii hawakubadilisha lugha peke yake. Katika miaka ya 1930 dola la Kisovieti liliwaweka Watofa katika vijiji, likafanya reni kuwa mali ya ushirika, na kuwapeleka watoto katika shule za bweni za Kirusi, mbali na malisho. Kijana alirudi akiwa na Kirusi, ndiyo. Lakini pia alirudi akiwa hajawahi kukesha na kundi. Dola hilo lilipoanguka mwaka 1991 mishahara ya ushirika ilikoma na makundi yakapungua vibaya, kwa Watofa na kwa Watozhu vilevile. Ukiweka mambo haya yote chini ya kichwa "lugha zinapokufa", umemwachilia mshtakiwa na kumfunga shahidi.

Waduha wanatupa jaribio zuri zaidi, nami nasikitika kwamba wanafunzi hawawataji. Tuva ilipoingizwa katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1944, baadhi ya wenye reni walivuka kwenda Mongolia. Walirudishwa, wakavuka tena, na mwishowe wakapewa uraia katikati ya miaka ya 1950. Kule nako kulikuwa na ushirika, pamoja na kazi ya uvuvi ziwani. Lugha yao imechambuliwa na Elisabetta Ragagnin katika kitabu kilichotoka mwaka 2011, na hali yake ni dhaifu: vijana husema zaidi Kimongolia, kile cha majirani Wadarkhat. Ila reni wapo. Familia chache bado zinahama katika taiga, zinakaa katika mahema yenye umbo la pia, zinakamua. Hapa basi lugha inarudi nyuma na kazi inaendelea; kwa Watofa vyote viwili vilirudi nyuma kwa pamoja. Mtu anayetaka kujua ni kiasi gani cha maarifa kimefungwa ndani ya maneno hana budi kulinganisha hali hizi mbili, badala ya kutoa ushahidi kutoka ile moja ambayo haiwezi kutenganisha sababu na sababu. Hatari inayowakabili Waduha leo, kadiri inavyoandikwa, inatajwa kwa majina mengine: maradhi ya mifugo, makundi madogo yanayozaana wenyewe kwa wenyewe, mipaka ya uwindaji iliyowekwa na hifadhi ya taifa, watalii wanaowafanya baadhi washuke na reni mpaka mahali penye joto lisilowafaa.

Je, nimesema kwamba lugha haina neno katika jambo hili? Sivyo, na ni Harrison mwenyewe aliyenizuia nisiende mbali kiasi hicho. Katika kitabu hichohicho anataja kiambishi cha Kitofa, -sig, ambacho hutiwa mwishoni mwa nomino na kuleta maana ya "kunuka kama". Ivi-sig ni mwenye harufu ya reni. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo hoja yake ingesimama kwa miguu miwili. Neno kama döngür Kirusi kinaweza kuliazima kesho asubuhi wafugaji wakilihitaji. Lugha zote huazima majina ya vitu. Lakini kiambishi ni mlango wa kuundia maneno ambayo bado hayajasemwa. Msemaji wa Kitofa ana njia ya kisarufi ya kuitaja harufu ya kitu chochote, hata kitu alichokiona leo kwa mara ya kwanza. Sisi tuliolelewa katika lugha za Kibantu tunajua mnyambuliko ni nini: hakuna orodha ya msamiati inayoweza kuonyesha -ish-, -an- na -w- zinafanya kazi gani. Inashangaza kwamba kitabu kilichokuwa na hazina hii mkononi kinakumbukwa na kunukuliwa kwa ajili ya jina la dume mmoja.

Lakini hata hapa nisijipongeze mapema. Kiswahili cha Lubumbashi kinasema katoto na tutoto, kwa viambishi ka- na tu- ambavyo Kiswahili sanifu hakina kwa matumizi hayo. Wasemaji wa lugha za hapa, walipochukua Kiswahili, waliingia nacho mlangoni wakiwa na udogishi wao mfukoni. Sarufi nayo inaweza kuhamishwa, basi, pale wahamaji wanapokuwa wengi na wanapoongea wao kwa wao. Watofa hawakuwa wengi, na shule ya bweni haikuwapa nafasi ya kukifinyanga Kirusi. Ndiyo kusema tunarudi palepale: idadi ya watu, mamlaka, mahali pa kazi.

Niruhusiwe kutaja kosa langu, kwa kuwa nawalaumu vijana. Kazi yangu ya lisansi ilikuwa juu ya msamiati wa uvuvi, na mtoa habari wangu mkuu alikuwa mjomba wangu, mvuvi wa ziwa Mweru. Nilimkalisha uani siku tatu na daftari. Alinipa majina ya kamba, vyelezo na vyavu. Mawili kati ya hayo niliyaandika kuwa visawe, kwa sababu kila nilipouliza tofauti alisema ni kamba ileile. Jopo lilinisifu kwa wingi wa maneno. Miezi mingi baadaye nilipanda mtumbwi wake, si kwa utafiti bali kwa kuwa kijana wake alikuwa mgonjwa, na usiku ule nilisikia jina moja likitumika kamba ikiwa imelegea na jingine ikiwa imebeba uzito wa samaki. Alikuwa amesema kweli: ni kamba ileile. Swali langu ndilo lililokuwa la uani. Tangu hapo kila ninaposoma fasili nadhifu ya döngür najiuliza ilitolewa wapi, hemani kwa chai au vuli ile mbele ya kundi wakati mwenye mali anaamua.

Pana jambo jingine la tafsiri ambalo sina nafasi ya kulichimba: neno "jadi". Vainshtein anaeleza uchumi wa jadi kama mfumo uliokwisha kukamilika kabla ya mapinduzi, na Harrison anaeleza maarifa ya jadi kama urithi unaomwagika. Wote wawili wanawaweka watu hawa katika wakati uliopita. Hali historia fupi niliyoitoa hapo juu, ya tandiko lililochukuliwa kwa wapanda farasi, ya lugha iliyobadilishwa, ya mpaka uliovukwa mara mbili tatu, ni historia ya watu waliozoea kubadilisha mambo kwa shabaha ya kubaki na reni wao. Vainshtein, pamoja na lugha ya zama zake, anatuachia vitu vya kutosha kuliona hilo. Kwa Harrison inabidi msomaji alitafute.

Katika semina ya mwaka wa pili wa lisansi napendekeza tusome sura ya Harrison inayohusu majina ya wanyama siku moja na sura ya Vainshtein ya ufugaji wa reni, kwa mpangilio huu: Vainshtein kwanza. Wanaokusanya msamiati wa wafinyanzi na wavuvi mwaka huu waje na ukurasa mmoja tu kutoka katika orodha zao, na kando ya kila neno waandike lilisemwa wapi, mikono ya msemaji ikiwa inafanya nini. Palipo na visawe viwili, warudi mtoni kabla ya kutetea.